Dereva Aliyemiliki Mahindi Yote

Niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, kwa sababu wadogo zangu walihitaji mtu wa kuwapikia na kuwalimia. Tangu hapo nilizoea kushika kila kitu mwenyewe. Hata nilipojifunza kuandika programu, kwanza kwenye simu, kisha kwenye laptopu kuukuu ya kitinda mimba wetu anayesoma chuo cha ufundi cha Sigalagala, mazoea hayo niliingia nayo.

Ushirika wetu hapa Lumakanda, Lugari, ulinipa kazi ya kwanza. Mizani ya ghala huandika kila mzigo ndani ya faili moja la XML: alama ya kufungua, maneno, alama ya kufunga. Programu yangu ilipaswa kutoa humo jina la kila mkulima na mahindi yake kabla ya mkutano wa Ijumaa. Ikishindwa, katibu angerudia kuandika kwa mkono, nami nisingeitwa tena.

Faili lilikuwa kubwa kuliko nguvu za laptopu, kwa hiyo sikulifungua lote kwa pamoja. Nilitumia msomaji wa kompyuta anayelipitia toka juu hadi chini, akitangaza kila anachokuta: mkulima amefunguliwa, jina limefunguliwa, maneno ni haya, jina limefungwa. Yeye hakumbuki alichokwisha kupita. Kukumbuka ni juu yako. Niliandika klasi moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, ya kumsikiliza, na kila shida mpya nikaitupia humohumo.

Jumatano nikaijaribu mbele ya katibu. Ilikimbia vizuri, ila mahindi yote ya Lugari yalikuwa ya mtu mmoja: dereva wa lori la ushirika. Katibu akaniuliza kwa upole kama huyo ndugu ameshanunua na shamba la kanisa.

Kosa nililiona upesi. Kila mzigo ulikuwa na jina la mkulima, na chini yake jina la dereva. Alama ilikuwa ileile, nayo klasi yangu haikujua iko ndani ya nani. Jina la pili likafuta la kwanza. Kurekebisha ndiko kulikonishinda. Nikigusa hapa, pale panaharibika.

Kesho yake nikashuka hadi Shirere, alikopanga kitinda mimba wetu. Nilisonga obusuma, ugali wetu, huku yeye akisoma nilichoandika. Akaanza kucheka.

“Dada, hii si programu. Huyu ni wewe.”

“Mimi vipi?”

“Anapika, anachota maji, anafunga ndama, na hataki mtu aguse kitu.”

Nikaendelea kugeuza mwiko. Akaniuliza kama nakumbuka mvua ilivyokuwa ikitukuta mahindi yameanikwa uani. Nilikumbuka. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuwagawia, kwa kuwa mvua haimsubiri mtu mmoja. Tone likidondoka, kaka yetu anayenifuata alikimbilia turubai, yeye alikimbilia kuku, na kila aliyemaliza lake alirudi kwangu mlangoni.

Tukaandika hivyo. Klasi ya mzigo inakaa mlangoni. Mkulima akifunguliwa, inamwachia klasi ya mkulima asikilize. Hiyo inashika jina lililo ndani yake tu, na mkulima akifungwa inarudi na ilichopata. Dereva naye akapata klasi yake. Zote zilikuwa fupi, ningeweza kuzisoma bila kushusha ukurasa.

Ijumaa katibu alisoma majina mkutanoni na kila mtu akaitikia lake. Dereva alibaki dereva. Katibu akaniambia faili la mbolea linanisubiri.

Jumamosi kitinda mimba wetu alikuja nyumbani. Nilikuwa barazani na kazi hiyo mpya wingu lilipotanda juu ya mahindi. Nikainuka. Kaka yetu alikuwa tayari ameshika ncha ya turubai, na kitinda mimba akanishika bega akipita kuwaendea kuku.

“Kaa, Dada. Hiyo alama si yako, ina wasikilizaji wake.”

Nikakaa, laptopu mapajani, nikasikiliza kuku wakifukuzwa kuingia jikoni.