Mume wa Gaudence Ukutani

Watu wa Newtown, Joburg, walimjua Gaudence kwa maandazi yake. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na mjane, au hivyo ndivyo alivyoamini.

Mei 2008, watu wenye marungu waliokuwa wakiwasaka wageni walipovamia mtaa wa mabati alikoishi, yeye alikimbilia kituo cha polisi. Mumewe, Évariste, alibaki nyuma akihangaika kuokoa cherehani yake. Baadaye jirani yao Fiacre alimwambia alimwona Évariste akipigwa kichwani, akaanguka, asiinuke tena. Maiti haikupatikana. Gaudence alizunguka mochwari zote alizoelekezwa, mwisho akaweka matanga bila jeneza.

Mwaka 2012 alikubali kuolewa na Théodore, kinyozi wa Marshalltown, mtu mpole aliyemsubiri bila kumharakisha. Ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani.

Wakati huo jumba la sanaa lililokuwa jirani na meza yake ya maandazi lilifungua maonyesho ya mchoraji mmoja Mtaliano. Fiona, binti wa Kirundi aliyepokea wageni pale, aliagiza maandazi ya ufunguzi. Gaudence akayaingiza mwenyewe.

Picha moja ilijaza ukuta mzima: watu wamelala sakafuni katika ukumbi wa kanisa, rangi zote za tope na majivu. Katikati yao mwanamume mmoja ameketi, kichwa kimefungwa bendeji, sikio la kushoto limechanika. Gaudence aliisogelea mpaka mlinzi akamwambia arudi nyuma.

"Fiona, mwanangu, huyu ni Évariste. Huyu ni mume wangu."

"Eish, mama. Una uhakika?"

"Aling'atwa sikio hilo na mbwa utotoni. Muulize mzungu alimwona wapi."

Mchoraji, mzee wa mvi, alikuwapo. Fiona akawa mkalimani kati yao. Yule mzee alisema alikuwa Joburg wakati wa vurugu zile, akachora kwa mkaa watu waliohifadhiwa kanisani. Ilikuwa mwishoni mwa Juni.

"Juni?" Gaudence alishtuka. "Mimi nilianza kuvaa nyeusi mwezi wa tano!"

"Anasema alimpa chungwa, wakala pamoja. Kesho yake yalikuja mabasi. Wengine walipelekwa mpakani, wengine kwenye mahema. Hajui yeye alipanda lipi."

"Alisema jina langu?"

Fiona akauliza, kisha akainamisha macho. "Hawakuelewana lugha, mama."

Mzee alimshika mkono akalia. Gaudence alimwangalia tu. Machozi ya mzee hayangemwambia mumewe alipanda basi lipi.

Jumapili alikwenda na Théodore kwa padri, akamweleza.

"Siwezi kumfungisha ndoa mke wa mtu," padri alisema.

"Basi nionyeshe huyo mume, Padri," Gaudence alisema.

Padri akafunga daftari la ndoa.

Nje, Théodore alijaribu kumtuliza. "Gaudence, miaka yote hii! Angekuwa hai, asingekutafuta?"

"Na mimi je, nilimtafuta wapi? Nilimtafuta miongoni mwa maiti tu."

Aliwauliza madereva wa mabasi ya mpakani, akauliza ofisi za wakimbizi, akawapigia simu ndugu wa Évariste kule Ngozi, Burundi. Hakuna aliyejua kitu. Maonyesho yalipokwisha, alisimama njiani akitazama wanaume wakiipakia picha ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa imenunuliwa na mtu wa Torino, nchini kwa mchoraji. Alitaka kuwaambia wasubiri, lakini wasubiri nini?

Théodore alivumilia mwaka mzima, kisha akahamia Durban. Alikuwa akipiga simu, baadaye akaacha, na Gaudence hakumlaumu.

Kila Novemba, katika misa ya marehemu, waumini husimama mmoja mmoja wakitaja wafu wao. Zamani alilitaja jina la Évariste kwa sauti. Siku hizi zamu yake ikifika husimama, kisha huketi tena bila kulitaja jina hilo, na mtu wa pembeni yake huendelea.