Gadenia Iliyokataa Kuchanua

Tangu nimjue Mama Debra sikuwahi kumwona akishindwa na kitu, mpaka ule mmea ulipomgomea.

Jina lake ni Nyakio, lakini katika nyumba zetu za kupanga pale Hurlingham, nyuma ya Barabara ya Argwings Kodhek, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi kwake ni Mama Sifuna. Alizaliwa upande wa Limuru, katikati ya mashamba ya majani chai, akaanza kuchuma kabla hajaanza shule, kapu mgongoni likikaribia kumfunika. Baadaye alipata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ya serikali mjini, akaifanya hadi alipostaafu. Kazi ile ilimganda. Hata leo ukimgongea mlango kuomba chumvi, atakuuliza wewe ni nani na unamtaka nani.

Nyumba zetu ni za ghorofa ya chini, mlango kwa mlango, na mbele yake kuna kipande cha udongo kinachotosha matuta mawili tu. Upande wangu nilipanda mboga, sukuma na mrenda, kwa sababu mimi ni mtu wa tumbo. Upande wao, mumewe, Mzee Karanja, alipanda gadenia, ile aina fupi isiyovuka goti, yenye majani ya kumetameta na maua meupe ya kunukia. Aliichimbia chini kabisa ya dirisha la chumba cha kulala ili harufu iwafuate ndani. Mama Debra alimgombeza mbele yetu sote. Ni mtu gani mwenye akili anayepanda maua kwenye nyumba ya watu? Mzee alicheka tu, akamwambia asubiri ichanue ndipo aongee. Kabla mwezi haujaisha moyo wake ulisimama. Huo ulikuwa mwaka wa 2004.

Kuanzia hapo Mama Debra alitaka kitu kimoja duniani: gadenia ya mzee ichanue. Aliimwagilia maji, akaiwekea samadi, na masalio ya chai ya birika hayakwenda kwingine. Mmea ulinona. Ukatanuka, ukawa kijani cha kupendeza, juu yake bapa kama meza. Ua, hata la kusingiziwa, hakuna. Macharia, muuza miche wa Ngong Road aliyemuuzia mzee, aliuliza kama kuna mtu anaikatakata, maana ua lake hutokea nchani. Mama Debra akaapa kwamba mkasi haujaisogelea. Na ni kweli, nyumba ile haina mkasi. Hata nyuzi hukata kwa meno.

Siku moja tukinywa chai aliniambia anachofikiri. Alisema mzee amenuna. Alikufa kabla yeye mkewe hajamwomba radhi kwa yale maneno, na sasa anamjibu kupitia mmea. Nilichanganyikiwa. Huyu ni mama wa kanisa, anaongoza maombi ya Jumatano, na ananiambia marehemu ananuna kwenye majani. Ningemcheka, ila kwetu Bungoma nao marehemu huwa hawaishi maneno, kwa hivyo nilimwongezea chai tu.

Halafu yakaanza mambo ya mlangoni kwangu. Kila nikifagia nilikuta vijani vichanga vya gadenia vimetawanyika kwenye ngazi, vibichi kabisa. Nilidhani ni ndege. Nikashuku paka wa ghorofa ya pili. Nikamshuku hata Oloo, mtunza nyumba, ingawa Oloo hawezi kuinama bila kulalamikia kiuno, nasi tungemsikia. Nilivifagia tu.

Asubuhi moja Mama Debra akavikuta kabla sijafagia. Alivitazama, akaniangalia mimi na ufagio wangu.

"Mama Sifuna, mimi nimekukosea nini?" akasema. "Hii maua ndio kitu ya mwisho mzee aliniachia. Wewe unaing'oa mtoto ikitoka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimwambia sijaigusa. Akauliza, basi majani yalifikaje kwangu, yalitembea? Mtu mwenye ufagio na majani miguuni hufanana sana na mwizi. Akaingia ndani. Toka siku hiyo salamu ziliisha. Akanipita kana kwamba mimi ni ukuta, na mimi nikajifanya ukuta kweli, ingawa iliniuma. Nilikaa nikijiuliza kama huwa natembea usingizini.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa naosha vyombo dirishani. Simu yake ikalia, akatoka nje kama kawaida, kwa sababu ndani mwetu mtandao hukatika, na mahali pekee unapokaa vizuri ni pale pale chini ya dirisha lake. Alikuwa Debra, anayefanya kazi Eldoret. Mama aliibana simu kati ya sikio na bega, akaanza kumweleza bintiye jinsi jirani Mluhya alivyo na roho mbaya.

Na huku akinisema, mikono yake ilikuwa kazini. Yote miwili. Ilipita juu ya gadenia haraka, chwa chwa chwa, ikichagua ncha changa tu, majani mawili na chipukizi, kama mchuma chai. Ngumi ikijaa, mkono unarushwa nyuma ya bega, ndani ya kapu ambalo halipo. Majani yakatua kwenye ngazi yangu.

Nilitoka na mapovu mikononi.

"Mama Debra," nikasema, "angalia mkono yako."

Akaangalia. Akakifungua kiganja polepole, akakiona kilichomo. Simu ilimteleza ikaanguka kwenye udongo, Debra akaendelea kuita, hello, mathe, hello. Hakuiokota. Aliketi chini kwenye saruji na nguo yake nzuri ya kanisa.

Mimi nilikuwa nasubiri radhi yangu. Maneno ya kumpokea nayo nilikuwa nimeyaandaa siku nyingi, na mengine hayakuwa matamu. Lakini hakuwa ananiangalia mimi.

"Kumbe mzee hakuninunia," akasema.

Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata Debra: tangu mazishi hajakanyaga kaburini kwa mzee, kule Limuru, hata siku moja. Watu walidhani anaenda. Alikuwa akiogopa kusimama mbele ya mtu asiyemtaka.

Alijipangusa uso kwa mkono ule ule wenye utomvu, akanyanyuka.

"Vaa viatu, Mama Sifuna," akasema. "Unisindikize Limuru."

Nilikuwa bado na hasira zangu. Lakini viatu nilivaa.