Mgeni Rasmi Hajaonja

Juzi nilikwenda shule moja ya msingi hapa Tabora mjini, ambako walikuwa wanazindua chakula cha bure. Makande yaliiva saa nne. Watoto wakapanga foleni, sahani mikononi, mwalimu mkuu akawarudisha.

"Hakuna kula mpaka mgeni rasmi aonje."

"Mwalimu, watoto wana njaa," mpishi akasema.

"Ndio utaratibu, mama."

Ikaadhiniwa adhuhuri, makande yakapoa. Mtoto mmoja akasinzia, sahani kifuani.

Mgeni akashuka garini akichokonoa meno. Mpishi akampa shikamoo na kijiko.

"Marahaba, mama. Mimi nimeshakula," akasema, akipapasa tumbo. Kisha akatuhutubia kuhusu njaa.

Ndugu waandaaji, kama ni lazima mgeni rasmi aonje kwanza, mara nyingine alikeni mwenye njaa.