Mwaka Nilioitwa Anaeli

Walisema sitafika hata Kikatiti kwa miguu bila kukaa chini kutafuta pumzi. Walisema sitabeba mkungu wa ndizi, sitafuata ng'ombe mlimani, wala sitaota ndevu. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye mdomo mchungu kama kahawa mbichi, alimwambia baba mbele ya kanisa, watu wakisikia: "Huyu usimpeleke shule. Utanunua daftari, litabaki jeupe." Leo nina diploma ya utabibu wa mifugo niliyoisomea Uingereza, kwenye baridi ambayo ingemgandisha mzee yule pamoja na mdomo wake. Diploma yenyewe iko ukutani sebuleni, kwenye fremu ya mninga. Ukinitembelea utaiona kabla hujakaribishwa kiti, na ndevu pia utaziona.

Kwa hiyo utashangaa nikikuambia kwamba mtu kama mimi anaweza kurudishwa nyuma na harufu. Hivi karibuni niliitwa kumtazama ndama huko juu mlimani. Nilipoinama kuingia zizini nikapokewa na harufu ya nyasi zilizowekwa ndani kabla hazijakauka sawasawa. Ina utamu kama wa togwa lililochacha, na chini ya utamu huo kuna ubaridi, kama pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi. Nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba. Mwenye ndama akadhani nimeona ugonjwa wa kuangamiza zizi zima. Nikamwomba anisubiri kidogo. Sikumwambia kwamba nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu ataita.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa mvua wa Mlima Meru, enzi za Mwingereza, ndani ya kihamba cha kahawa na migomba iliyosongamana hata mchana ukawa wa kijani. Ilikuwa nyumba ya duara ya kizamani, moto katikati, watu upande huu na ng'ombe upande ule. Juu ya ndama palikuwa na dari ya fito, na juu ya dari mama alirundika nyasi alizozibeba kichwani kutoka tambarare. Chini ya dari hiyo palikuwa mahali pa babu. Alilala pale maisha yake yote, akakohoa pale, akafa pale kabla sijazaliwa. Mimi nikapewa jina lake, Ndosi, na pamoja na jina nikapewa mahali pake. Bibi alikuwa na msemo: mwenye jina hulala palipolala jina. Kwa kuwa nilibeba jina la marehemu mumewe, aliniita "mume wangu" mbele ya wageni, nao wakacheka. Nilipoanza kukohoa, yeye aliacha kucheka.

Kila masika ugonjwa ulirudi. Ulianza kwa baridi mgongoni, kisha homa, kisha kifua kikawa kama kibuyu chenye kokoto. Nilipumua kwa mabega. Mama aliniwekea nyasi mpya, nyingi na laini, kwa maana mgonjwa hutandikiwa vizuri, akanisogeza karibu zaidi na ndama ili joto lao linisaidie. Nikazidi kuumwa.

Na kabla ya kila ugonjwa niliitwa. Ilikuwa jioni, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kuingia kihambani kama mgeni anayeijua njia. Sauti ilitoka kwenye migomba, mahali ambapo hapakuwa na mtu: "Ndosi." Mara moja tu. Baada yake kilifuata kikohozi, vishindo vifupi na kimoja kirefu cha kuburuta. Nilipomwigizia bibi kikohozi hicho alishika mkono wangu kwa nguvu. Hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akibisha hodi akirudi kutoka shamba.

Watoto wa kwetu tulifundishwa mapema: ukiitwa kutoka kihambani jioni usiitike. Ngoja. Aliye hai huita mara ya pili. Mimi nilingoja, na mara ya pili haikuja kamwe.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kusikia habari za sauti. Alinipeleka hospitali ya misheni, nikilala begani kwake njia nzima. Kule wodini, kwenye shuka zinazonuka sabuni, nilipona haraka kiasi cha kuwakera wagonjwa wengine kwa kuimba. Daktari aliweka mpira wake wa kusikilizia kifuani mwangu, akaniambia nipumue, akatikisa kichwa. Hakuona kitu. Nikarudi nyumbani, na siku chache baadaye kokoto zikarudi kifuani. Tukaenda hospitali ya serikali mjini Arusha. Huko nilisimamishwa kwenye chumba chenye giza mbele ya mashine iliyonguruma, na daktari wa Kizungu akaongea maneno mengi, ambayo dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, alimtafsiria mama kwa ufupi: "Anasema mapafu ni mazima. Labda mtoto anaogopa shule."

Mama alinishika mkono akanitoa nje. "Anaogopa shule," alisema, "na midomo inakuwa ya bluu?"

Ndipo wanawake wakaamua. Bibi alisema jina langu linajulikana mno kule linakoitwa, basi nifichwe chini ya jina jingine mpaka mwitaji achoke. Jina huazimwa kwenye nyumba inayokubali, na mtoto hukaa katika nyumba hiyo. Lakini lina masharti. Jina likiwa limeazimwa, nyumba ile haiwezi kumpa mtoto mwingine. Na mtoto aliyeliazima sharti alirudishe mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa mtu mzima. Akifa nalo, limepotea. Unaona basi uzito wake: aliyeniazima jina alikuwa akiliweka rehani kwenye mapafu yangu.

Walinitoa kwa kunifunga majani makavu ya migomba, kama mkungu unaopelekwa kuivishwa, na kunipitisha nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameketi mlangoni na kitabu cha nyimbo. Alisoma ukurasa uleule mpaka tukapotea. Kwenye nyumba tuliyokwenda mama alisema kwa sauti, ili kihamba kizima kisikie: "Nimeleta ndizi mbichi." Mwenyeji akajibu: "Ziache, nitaziivisha."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu aliyeolewa huko Sekei na Mwarusha, watu ambao lugha yao ni Kimaasai. Aliniazima jina la Kimaasai, Loishiye. Alisema babu hakuwahi kujua Kimaasai, hata akiniona atashindwa kuniita. Nililala chumba cha mabati karibu na barabara, nikapona. Mvua zilipokwisha nikarudishwa nyumbani, nikalala mahali pangu, nikaugua. Masika yaliyofuata nilipelekwa Kikatiti kwa fundi cherehani, rafiki ya baba. Alinipa jina la Yoeli, nikalala chini ya meza ya cherehani kati ya vipande vya kaki. Nikapona. Nikarudishwa. Nikaugua vibaya kuliko mwanzo, hata yule jirani mwenye mdomo mchungu akaja kuniaga kabla ya wakati. Aliniangalia akasema, "Mapafu yenyewe nayo ni ya kuazima." Namshukuru. Kuna siku kule Uingereza nilisoma kwa hasira ya sentensi hiyo peke yake.

Safari hii bibi alisema niondoke mwaka mzima. Lakini nyumba za kuniazima zilikuwa zimekwisha. Nani angeweka jina mikononi mwa mtoto wa namna ile? Aliyejitokeza alikuwa mjane wa ng'ambo ya kijito, maskini asiye na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Anaeli, rika langu, aliyekufa kwa surua mwaka uliotangulia. Alikuja mwenyewe, akasimama uani, akamwambia mama: "Mimi ninalo jina. Halina mtu."

Nilivaa shati la Anaeli, lenye kiraka kwenye kiwiko. Nilikula kwenye bakuli lake la bati. Nyumba ile ilinuka majivu na kahawa tu. Nilipumua mpaka nikasahau kwamba kupumua ni kazi. Nilibeba maji, nilipanda miti, nilianza kunenepa. Mama Anaeli hakuwa msemaji. Alinikata nywele, alinitoa funza, alinitazama nikila. Mchana aliniita "wewe" au "mwanangu". Jina aliloniazima hakulitamka mbele yangu hata mara moja.

Lakini jioni moja, ukungu umeshuka na yeye yuko nje akitafuta kuni, nikiwa peke yangu karibu na moto, sauti ikaita kutoka kwenye migomba.

"Anaeli."

Mara moja tu.

Ninyi mnaosoma haya mchana, juani, hamuwezi kujua kilichonipata. Nilifikiri: amegundua. Babu amevuka kijito, amelijua jina jipya. Nilijikunja, nikazuia pumzi, mimi niliyejifunza kuthamini pumzi kuliko chakula. Sauti ilikuwa nyembamba, imelowa ukungu, haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Nilingoja mara ya pili. Haikuja. Baada ya muda Mama Anaeli aliingia na kuni, kitambaa chake cha kichwa kimelowa, macho mekundu. Akasema kuni mbichi zina moshi. Kuni zilikuwa bado hazijawashwa.

Sauti iliita jioni ya pili. Iliita karibu kila jioni yenye ukungu, mwaka mzima. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliogopa wangenirudisha kwetu. Na sikuitika. Nilijisifu moyoni kwamba nimemshinda babu kwa ukaidi.

Mwaka ulipokwisha nilikuwa na nguvu, na baba, bila kueleza chochote, akanipeleka shule ya bweni. Toka hapo sikulala tena chini ya dari ile. Mengine mnayajua, maana nimeyasimulia kila nilipopata wasikilizaji: bweni, Uganda, meli, Uingereza.

Kule Uingereza mwalimu wetu wa magonjwa ya ng'ombe alitueleza kwa kupita tu habari za wakulima wa nchi yake. Wanaugua kifua kila majira ya baridi wanapofungua nyasi zilizowekwa na unyevu, kwa ajili ya vumbi la ukungu unaoota ndani yake. Wakiondoka shambani, wanapona. Wakirudi, wanaugua. Nilidondosha kalamu. Niliiona dari ya fito, nikamwona mama akinitandikia nyasi mpya kwa upendo. Niliwaelewa madaktari pia, na siwalaumu: walinipima mimi, hawakuipima nyumba yetu. Kitu kilichozishinda hospitali mbili, mimi nilikijua nikiwa na kalamu sakafuni. Niruhusuni nijivune hapo.

Nilirudi na diploma na mablanketi, kwa maana kwetu shukrani nzito hufunikwa blanketi. Nyasi zilishushwa darini wiki hiyohiyo. Kisha nikaanza kurudisha majina. Sekei, shangazi alijifunika blanketi juani akacheka, akasema sasa hata kikohozi changu kina Kizungu. Mjukuu wake aliyezaliwa karibuni akapewa Loishiye siku ileile. Kikatiti, yule fundi alilikagua pindo la blanketi, akasema mshono wa Wazungu ni wa haraka haraka, akapokea. Kote nilisema maneno yaliyopasa: "Ndizi zimeiva." Kote nilitangaza diploma.

Kwa Mama Anaeli nilifika jioni, kwa kuwa watu wa njiani walitaka kusikia habari za meli. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Ukungu ulikuwa umefika uani.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ndizi zimeiva. Nimekurudishia Anaeli."

"Marahaba." Alilipapasa blanketi, akaliweka magotini. "Umekuwa mtu mkubwa."

Nikaanza habari za diploma. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, kama anayezungumzia mvua: "Nilikuita mwaka mzima. Hukuitika hata mara moja."

Nikakumbuka. Ile sauti nyembamba iliyolowa ukungu. Yale macho mekundu, na kuni ambazo hazijawashwa. Nilikuwa nimemwogopa yeye, nimejikunja na kumzuilia pumzi ambayo nyumba yake ndiyo iliyonipa. Hakuniazima jina kwa kunihurumia tu. Alitaka awepo mtoto ndani, mwenye shati lile, ili akiita kuelekea nyumba aitikiwe, walau mara moja, na mtu aliye hai.

"Tulikatazwa kuitika, mama," nikasema. "Mpaka tuitwe mara ya pili."

"Najua. Na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Niliogopa kuita mara ya pili, maana sikujua angeitika nani."

Akainuka, akatoka nje bila kuniambia nimfuate. Nikabaki karibu na moto, mahali palepale. Nikasikia nyayo zake zikiingia kwenye migomba, kisha zikasimama.

"Anaeli."

Nilingoja, kwa mazoea tu.

"Anaeli."

"Naam, mama," nikaitika.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza kumlipa wa mwisho katika wote walioniazima. Naweza kuwaeleza habari za nyasi na vumbi lake mpaka mchoke, lakini nani aliyekuwa akiita "Ndosi" kwenye kihamba chetu bado sijui, na diploma haisemi. Na kuhusu jioni ile, naapa kwamba niliitika kwa sauti ya mtu mzima mwenye ndevu. Ila sitaapa kwamba niliitika peke yangu.