Nyeusi ya Papa Hénock

Mume wangu Rigobert anapaka rangi kuta za watu huko Evere, hapa Brussels, na kwa sababu hiyo anadhani rangi zote duniani anazijua yeye. Mwaka ule wa tisini na nne nusura nimtupie nguo zake nje.

Baba yake, Papa Hénock, alikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja Lubumbashi, zama za ukoloni. Mzungu aliporudi kwao alilisafirisha gari lake, na binti yake, alipochoka kuliona likila kutu uani Jette, akampa Rigobert bure. Rigobert akaanza kulifufua kwenye gereji ya kukodi Molenbeek. Kule nyumbani Papa alikuwa anapofuka. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya injini aliyokuwa akiifuta kila asubuhi, pale chini ya boneti parudishiwe rangi yake yenyewe, aione kabla macho hayajafunga kabisa.

Lakini mtu fulani asiye na haya alikuwa amepaka kijivu humo ndani kote. Rigobert akapiga simu parokiani Lubumbashi, anakofanya kazi dada yake Gracieuse, amuulize baba.

"Mu capot mulikuwa mweusi," Papa akajibu kuhusu boneti hiyo. "Mweusi, mutoto yangu."

Nilikuwepo siku Rigobert anasugua kwa msasa chini ya betri. Kijivu kilitoka, ikatokea bluu iliyoiva, kama sketi za shule za Zaire.

"Rigo," nikamwambia, "wazee wetu wanaita hii mweusi. Maman yangu kule Bukavu anaita vile mpaka leo. Piga tena, uulize mweusi ya namna gani."

"Weye muntu ya Bukavu utanifundisha Kiswahili ya baba yangu? Alisema mweusi, ni noir, donc noir!"

Damu ilinichemka. Mtu aliyeletwa Ulaya kwa mjomba wake akiwa mtoto, Kiswahili cha baba yake anakijua kwa simu tu, halafu mimi ndiye mgeni! Akapaka nyeusi ya masizi mpaka kwenye pembe, akapiga picha, akampa msafiri wa Lubumbashi.

Papa alizisogeza picha mpaka puani. Siku ya simu, mimi na Rigobert tulibana masikio kwenye mkono mmoja wa simu.

"Hii motokari ya nani?" mzee akauliza. "Munanidanganya juu macho yangu haiko muzuri?"

Maneno niliyompa Rigobert siku hiyo sijutii hata moja. Akakwangua yote, akapaka bluu ile. Safari hii msafiri alichelewa, na picha zilipofika macho ya Papa yalikuwa yameshafunga. Gracieuse ndiye aliyezitazama kwa niaba yake.

"Ni bleu foncé, papa. Inangaa sana," tukamsikia akimwambia kwenye simu.

"Bleu?" mzee akauliza. "Basi haiko yenyewe. Ya kwetu ilikuwa mweusi."

"Mais papa, bleu njo ile ile..." Rigobert akaanza kueleza.

Nikamnyang'anya simu. Nilikuwa na hasira naye, na Gracieuse, na hicho Kifaransa chao.

"Papa," nikasema, "Gracieuse hajue rangi. Iko mweusi. Mweusi yenyewe."

Mzee akavuta pumzi.

"Aksanti, maman. Sasa niko naiona."