Kaka Yangu Alipowaita Nyani Kutoa Ushahidi

Kaka yangu mkubwa ana mazoea ya kuwasingizia wanyama. Akitaka kufanya jambo la aibu, husema hata wanyama hufanya hivyo. Alipooa mke wa pili kule Rhonda, mtaa wa Nakuru, bila kumwambia wa kwanza, alisema hata jogoo hana kuku mmoja. Hilo tulimwachia, maana jogoo kweli hana kuku mmoja. Lakini siku aliyowataja nyani, alinigusa mahali ninapojua.

Mimi nimekaa na nyani. Shamba letu liko nje ya Gilgil, kwenye mteremko, na upande wa juu linapakana na majabali wanakolala. Niliporudi nyumbani na watoto wangu wawili, baada ya ndoa kunishinda, kazi niliyopewa ilikuwa kuwafukuza kwenye mahindi. Baba alikuwa bado hai, ila miguu ilikuwa imeishiwa nguvu, na kaka zangu wote wawili walikuwa Nakuru mjini na biashara zao. Basi mahindi yakianza kubeba, mimi hushinda huko juu na kombeo na debe la kupiga.

Ukikaa na majirani namna hiyo utawajua tu, upende usipende. Majike niliowakuta ndio hao hao niko nao leo, isipokuwa waliokufa. Binti akizaliwa pale anakaa pale. Anakula karibu na mama yake, analala kwenye jabali la mama yake, na cheo cha mama ndicho chake. Nimeona katoto ka jike mwenye cheo kakimwondoa jike mzima kwenye gunzi la hindi, na yule mzima akasogea, kwa sababu anajua ni binti ya nani.

Anayefungasha ni dume. Akishaota meno marefu na manyoya ya mabega, siku moja humwoni tena. Baadaye anakuja mwingine kutoka kundi la mbali, hajui mtu. Kwao mgeni hapewi jembe siku ya tatu. Anakaa pembeni miezi na miezi, pole pole, akitafuta jike mmoja wa kumzoea. Anamtoa chawa, anambebea mtoto ambaye huenda hata si wake, anamkinga wengine wakigombana. Jike akivimba nyuma na kuwa mwekundu, yaani wakati wake umefika, madume wanamfuata na kupigana, hilo ni kweli. Lakini nimeona dume mkubwa, anayetisha hata mbwa wetu, akimfuata jike mchana kutwa naye anakataa kata kata. Mwishowe jike akaenda zake na mzee mmoja mwenye meno yaliyovunjika, ambaye alikuwa akimbebea mtoto tangu mvua za kwanza. Ubabe una mwisho wake hata kwa nyani.

Baba alipofariki, kaka zangu waliitisha kikao cha kugawa shamba. Tulikuwa mama, wao wawili, mimi, na baba mdogo aliyekuja kusimamia. Tulipomaliza chai, kaka mkubwa akaeleza mpango: shamba likatwe mara mbili, yeye achukue upande wa barabara na mdogo wake upande wa mto. Nikauliza mimi niko wapi.

"Wewe ni msichana," akasema. Mimi, na mvi hizi. "Msichana ni wa kuondoka. Hata hao nyani wako wa huko juu, dume ndiye mwenye boma. Majike ni wa kuja na kwenda, leo na huyu, kesho na yule." Kisha akatazama nje, walikokuwa wanacheza watoto wangu, ambao kila mmoja ana baba yake. Nikaelewa amesema nini.

Hasira ilinipanda. Mtu ana nyumba mbili zisizosalimiana, halafu anifundishe mimi adabu. Nyani haoni kundule. Lakini mama alikuwa amekaa pale, kwa hivyo hilo nililimeza, nikajibu la shamba.

"Baba mdogo," nikasema, maana sikutaka kumtazama yeye, "mimi ndiye ninashinda na hao nyani. Kwao msichana haendi popote. Anayeondoka ni kijana. Tukifuata nyani, hawa wawili wangekuwa Naivasha saa hii wakibembeleza wenyeji wawapokee, na mimi ningebaki hapa na mama."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Kaka hakucheka. "Sisi si nyani," akasema.

"Si mimi niliwaleta. Wewe ndiye umewaita kutoa ushahidi. Sasa wamesema, unawakataa?"

Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda. Ndipo mama akafungua mdomo.

"Mpeni ile kona ya juu," akasema kwa upole. "Yeye ndiye amezoea wanyama."

Wakakubali haraka haraka. Kona hiyo ni mawe, na kinachoota kati ya mawe huliwa na nyani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitaka.

Ya kaka niliyazoea. Ya mama yananichoma mpaka leo, kwa sababu yeye mwenyewe alitolewa kwao na blanketi na sufuria, na kwenye shamba la baba yake hana hata mahali pa kuchimba choo. Alijua uchungu huo, akanipakulia na mimi. Watu huniambia sheria inampa binti sawa na kijana. Naijua. Lakini nimpeleke mama kortini, na mimi ndiye ninamuosha miguu? Kaka zangu wanalijua hilo, ndiyo maana wanalala usingizi.

Nikajenga huko juu chumba cha mabati. Tulipokuwa tunahamisha vyombo, binti yangu, ambaye bado yuko shule ya msingi, aliuweka mfuko wake wa nguo karibu na mlango. Nikamwambia azitoe azipange. Akasema afadhali zikae hapo hapo.

"Kwa nini?"

"Nitaondoka lini, Mama?"

Nikamuuliza aende wapi. Akasema hajui, ila alisikia wajomba wakisema wasichana ni wa kuondoka, na hakutaka siku hiyo imkute hajajiandaa.

Niliumwaga ule mfuko wote kitandani. "Hapa ni kwako," nikamwambia. "Uolewe, usiolewe, uachwe urudi, ni kwako." Akaanza kukunja nguo moja moja, akinitazama kila mara kuona kama ninasema kweli.