Jumapili Baba Alipofumba Macho

Katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa kidato cha pili, baba yangu alianguka kanisani mbele ya waumini wote. Nilikuwa nimerudi likizo nyumbani, kijijini Litapunga. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wala si wa jina tu. Siku ya harusi ya shemeji yake aliinua mtungi wa pombe akaumwaga nje huku wageni wakimtazama, na habari hiyo ilisimuliwa kijijini kwa miaka.

Majuma kadhaa kabla ya Jumapili ile alikuwa ameanza matibabu ya kifua kikuu. Alikuwa amekonda hadi mashavu yakabonyea, na leso zake Mama alizifua peke yake, hakutaka tuione damu aliyokohoa. Kila asubuhi Baba alikwenda zahanati, akameza vidonge mbele ya mhudumu na kuchomwa sindano. Dawa zikamkubali. Kikohozi kilikatika, akaanza kumaliza ugali, na Mama akarudi kuimba jikoni. Hatukuwa na sababu ya kuogopa kitu.

Kisha akaanguka na baiskeli, kwenye njia pana, kavu, isiyo na hata jiwe. Akacheka, akalaumu tairi. Sisi nasi tukalaumu tairi.

Jumapili hiyo mchungaji alimwomba aongoze sala. Baba alisimama, akaweka mikono yake pamoja, akafumba macho.

"Bwana Mungu wetu," akaanza.

Hakuendelea. Alilala upande kama mgomba uliokatwa, akaangukia meza ya sadaka, meza nayo ikapinduka. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, wala si kwa kunong'ona, "Jamani, mzee amelewa!"

Nilikimbia mbele, nikapiga magoti, nikamshika kichwa. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: niliinamisha uso wangu nikanusa mdomo wake. Harufu ilikuwa ya uji na vidonge.

Baba alifumbua macho akaniona ninavyomnusa.

"Na wewe unaninusa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwinua akae.

Siku iliyofuata wazee wenzake walikaa, wakamsimamisha uzee wa kanisa mpaka atoe maelezo. Lakini maelezo yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa akitembea ameshika ukuta, anasema dunia inamkimbia. Akigeuka ghafla alipoitwa, miguu ilipishana. Mama akasema, "Hii si ya kuombea tu," na tukapanda lori la mahindi, sisi watatu, hadi hospitali mjini Mpanda.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko tulivyotarajia. Alisoma kadi ya Baba, akasita alipofika kwenye sindano.

"Shikamoo mzee. Naomba usimame, miguu pamoja. Nitazame mimi. Vizuri. Sasa fumba macho."

Baba alimwangukia. Daktari alikuwa ameshatanua mikono kumdaka, na hilo ndilo lililonishtua zaidi: alijua kwamba ataanguka.

"Mzee hajalewa," alimwambia Mama. "Ni sikio."

"Sikio? Mbona anasikia?"

Daktari akachukua karatasi akachora. Ndani kabisa ya sikio, alisema, kando ya sehemu inayosikia, kuna vijia vyenye maji, na mle majini kuna seli zenye vinywele. Ukigeuza kichwa, maji yanachelewa kidogo, yanavilaza vinywele. Kila kinywele kimefungwa kwa mwenzake kwa uzi mwembamba mno. Uzi ukivutwa, unafungua kimlango katika ngozi ya seli, na chumvi yenye chaji ya umeme inapita. Hapo ndipo ubongo unapojua kichwa kimeelekea wapi. Kwa watu wachache ile sindano huziua seli hizo.

"Alipokuwa anatazama, macho yalimsaidia," alisema. "Alipoyafumba kusali, akabaki hana kitu cha kumshika."

"Zitaota tena?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Lakini atajifunza upya. Macho na nyayo vitafanya kazi hiyo."

Sindano ikasitishwa siku hiyohiyo, vidonge vikaendelea, na mapafu yakapona. Baba alirudi kanisani na fimbo pamoja na barua ya daktari. Hakuitoa barua. Alisimama, akawaambia, "Mimi nitasali macho wazi. Nyie fumbeni ya kwenu." Mama ndiye aliyewaeleza wazee habari ya sindano, nao wakamrudishia nafasi yake. Yule mama aliyesema amelewa alituletea kuku, akamfunga kwenye mlango wa jikoni, akaondoka bila kusema kuku ni wa nini. Baiskeli Baba hakuipanda tena.

Miaka mingi baadaye nilisomea uuguzi. Siku moja mwalimu wetu alikuwa akieleza namna seli inavyohisi kuguswa na kuvutwa, akavifikia vile vinywele. Kisha akasema jambo ambalo daktari wa Mpanda hakulisema, pengine wakati ule lilikuwa bado halijajulikana vizuri. Dawa za aina ile ya sindano huingia ndani ya seli kwa kupitia kimlango kilekile kinachofunguliwa na uzi. Kinavyofunguka zaidi, ndivyo zinavyoweza kuingia nyingi. Kalamu ikanitoka mkononi. Msichana niliyekaa naye aliniokotea, akaniuliza kama naumwa.

Nilipoenda nyumbani nilimweleza Baba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kila nilipogeuza kichwa," alisema, "kila nilipoitikia mtu, nilikuwa naifungulia ile dawa mlango mimi mwenyewe?"

"Wataalamu wanaona ni hivyo, Baba."

Aligeuza kichwa upande mmoja, polepole, akakirudisha. Kisha akamwita Mama, aliyekuwa akichambua maharage uani, aje asikie.

"Mweleze na mama yako," akaniambia. "Polepole. Anza na yale maji."